Lukumani, Mtu wa Ishirini na Nne

Nianze na aibu yangu, maana nikianza na sifa zake mtadhani nawalainisha. Mimi Marcellin, mtu wa kompyuta wa mradi wa macho hapa Kasongo, nilimwita Papa Lukumani mwongo na mdandiaji mbele ya watu ishirini na tatu wa kijiji chake, na mbele ya mke wake. Nilisema kwa sauti, nimesimama juu ya ngazi za hospitali, yeye yuko chini anageuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi, kwa sababu uso wangu alikuwa hauoni. Nilikuwa nimevimba kichwa. Amri moja ya herufi mbili ilikuwa imeniambia kwamba niko sahihi, na mimi nikaiamini kuliko mtu mzima wa miaka sitini na moja.

Lukumani ni mtu wa Lusangi, upande wa Kabambare. Analima muhogo, karanga na mpunga kidogo. Ujanani alikwenda Salamabila kwenye dhahabu kama wenzake, lakini wachimbaji walipogundua kwamba amesoma mpaka sekondari, wakampa daftari aandike zamu: nani anashuka shimoni leo, nani anapumzika. Alirudi kwao bila dhahabu, na daftari kwapani. Tangu hapo, kitu chochote kinachotaka majina pale Lusangi kinapitia kwake. Wafiwa wanataka kujua nani ameleta kuni, ni Lukumani. Chanjo ya watoto, Lukumani. Kituo cha afya kilipotafuta mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, yule tunayemwita reko huku kwetu, hawakumtafuta mwingine. Ni miaka kumi na saba ya kupanda na kushuka vilima, na alichovuna ni kofia mbili na fulana moja yenye picha ya mbu.

Kule kwao mtu anayegawa nyama huchukua fungu la mwisho, na anayeshika kalamu hujiandika wa mwisho. Si sheria ya serikali, ni adabu tu, lakini ole wako uivunje. Ukijiandika katikati, watu watakutazama. Ukijiandika wa kwanza, heri uhame kabisa. Vijana walikuwa wanamtania: "Papa, jiweke juu kidogo, kalamu si iko yako?" Naye huwajibu, "Nijiweke juu, halafu nipite wapi nikienda mutoni? Mama zenu watanimaliza kwa midomo." Wanacheka wote, na jina lake linakaa chini kabisa, kila orodha, kila mwaka.

Miaka mitatu iliyopita macho yake yakaingia ukungu. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, la kulia likitangulia. Mtu ambaye maisha yake ni kalamu akawa anaandika amelaza pua kwenye karatasi. Shambani akajikata kidole cha mguu kwa jembe, akasema ni jiwe. Mke wake, Mama Léontine, akaanza kutembea mbele yake njiani, yeye ameshika ncha ya kitenge chake. Alimwambia mke wake neno ambalo mama huyo alinirudishia baadaye, na mimi sijaweza kulitoa kichwani: "Nikipofuka, nitakuwa mutu wa kukaa mulangoni na kuulizwa kama nimekula."

Basi fikiria furaha yake tangazo lilipotoka kwamba madaktari wa macho wanakuja Kasongo. Siku tano tu, baada ya miaka bila kuonekana. Upasuaji wa dakika chache na mtu anaona tena. Ila mradi wetu, kwa hekima yake kubwa, uliweka masharti: karatasi hazipokelewi, orodha ya kila kijiji, ile tunayoiita lisiti, ije kama faili la kompyuta. Huko Lusangi hata taa ya sola ya kuchaji simu ni ya kupigania, lakini sisi wa ofisini tunataka faili! Sikupinga. Wazo lilikuwa langu.

Lukumani akapita nyumba kwa nyumba, Léontine mbele, yeye nyuma. Akapata watu ishirini na tatu ambao muuguzi wa kituo alikubali kwamba ni mtoto wa jicho. Akajiongeza yeye, wa ishirini na nne. Akaipeleka karatasi Kabambare kwa Rachelle, dada mmoja mwenye duka dogo la kuchapa na fotokopi. Rachelle ni msafi wa kazi, sijaona kama yeye. Hakuachii nafasi tupu mahali, hakuachii mstari mtupu chini. Akimaliza herufi ya mwisho anainua mikono, basi, imekwisha. Alichapa majina yote, akanitumia kwa simu.

Sasa sehemu yangu. Kompyuta yangu ni kuukuu lakini mimi situmii kipanya na vipicha kama wengine. Mimi ninaandika amri kwenye kioo cheusi. Wanaonipitia dirishani wanasimama kunitazama, na nisidanganye, nilipenda wanitazame. Nilikuwa nimetunga programu fupi, mistari sita: inasoma orodha jina kwa jina, kila jina inalitolea jetoni ya kuingilia hospitali. Kisha naita amri ndogo ya kuhesabu mistari ya faili, ile ya herufi mbili, w na c. Kama hesabu ya mistari na hesabu ya jetoni zinalingana, nafunga bahasha. Ya Lusangi ilitoka ishirini na tatu kwa ishirini na tatu. Zinalingana! Nikapiga muhuri, nikaenda kula.

Watu wa Lusangi walikuja kupitia Kabambare, siku tatu njiani, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu pale pikipiki zilipokwama kwenye matope. Lukumani alikuwa anawahesabu kila kituo kwa kuwagusa mabega. Wakafika hospitali asubuhi, wamejipanga kama watoto wa shule. Muuguzi akagawa jetoni. Moja, mbili, tatu, mpaka Mama Aurélie, mjane mmoja, akapewa ya ishirini na tatu. Bahasha ikawa tupu. Lukumani bado amenyoosha mkono.

"Na yangu?"

"Imekwisha, Papa. Haumo."

"Nimo. Nilijiandika mwenyewe. Niko wa mwisho pale."

Wakaniita. Nikaja na kompyuta mkononi, na watu zaidi ya mia wakinisubiri mlangoni kwa mambo mengine, na jua limeanza kuchoma. Nikapiga ile amri mbele ya muuguzi. Ishirini na tatu. Nikahesabu vipande vya jetoni. Ishirini na tatu. Lukumani akatoa karatasi yake mfukoni, imekunjwa mara nne, akanipa. Kweli, jina lake lilikuwa chini kabisa, namba ishirini na nne. Lakini majina yote yaliandikwa kwa wino wa buluu, na lake peke yake kwa wino mwekundu.

Hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Nikainua karatasi juu watu waione.

"Papa, hii umeiongeza baada ya kupeleka lisiti. Hata wino si ule. Mnatufanya wajinga? Kila kijiji kinatuletea mdandiaji wake mmoja!"

"Kalamu ilinikatikia," akasema. "Mutoto wangu, kalamu ilikatika kwa jina la Mama Aurélie, nikaazima ingine."

"Mashine imehesabu mara mbili. Naapa, mashine haikosei."

"Basi mutu ndiye amekosea," akasema Léontine, "na huyo mutu si huyu."

Nilicheka. Mungu ananiona, nilicheka kidogo, kile kicheko cha pua. Ingenichukua nini kulifungua lile faili na kulisoma kwa macho yangu haya mawili mazima? Nusu dakika. Sikulifungua. Nikamrudishia karatasi yake na nikaingia ndani kwenye kivuli.

Hakuondoka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angeondoka na matusi yake ningelala vizuri. Alikaa siku zote tano kwenye ukuta wa hospitali, akawachotea watu wake maji, akawashika mkono walipotoka na bandeji, mtu asiyeona anaongoza wasioona kwenda chooni. Siku ya tatu walifunguliwa bandeji za kwanza, wakaanza kupiga vigelegele, huyu anamtambua mtoto wake, yule anasoma maandishi ukutani. Na walipopata macho, walimtazama Lukumani kwa macho hayo hayo mapya. Wakanong'ona: kumbe naye alitaka kupenya. Kumbe wino mwekundu. Habari ilitangulia kufika Lusangi kabla yake. Mwezi ule ule wakamchagua reko mwingine, na Lukumani mwenyewe akapeleka daftari nyumbani kwa yule kijana, limefungwa kwa kamba.

Miezi miwili ikapita. Rachelle akaja Kasongo kutafuta wino wa mashine yake, akaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Marcellin, nasikia umemwita Papa Lukumani mwizi."

"Sikusema mwizi. Nilisema mdandiaji."

"Lile faili nililichapa mimi. Nilichapa ishirini na nne. Fungua."

"Rachelle, niliisha kuhesabu, mara mbili."

"Sikukuambia hesabu. Nimekuambia fungua!"

Nikafungua, ili anyamaze. Majina yakashuka kwenye kioo. Mama Aurélie. Chini yake, Lukumani. Yupo, ametulia mahali pake, na kile kimstari kinachometameta kimesimama palepale mwisho wa jina lake. Nikapiga tena ile amri, ikaniambia ishirini na tatu. Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo, ishirini na nne. Rachelle alikuwa ananitazama tu kama mtu anayetazama mbwa aliyekula kuku.

Nilimpigia Fidèle wa Kindu, mtu aliyenifundisha kazi hii. Akacheka! Akasema hilo kila fundi analijua. Ile amri haihesabu mistari, inahesabu alama ya kumaliza mstari, ile isiyoonekana, inayowekwa ukibonyeza kitufe cha kushuka chini. Ni kama kuhesabu wageni kwa kuhesabu mlango umefungwa mara ngapi: wa mwisho akiingia na kuuacha wazi, basi hakuingia. Na Rachelle, kwa usafi wake, hakuwa anabonyeza kitufe baada ya jina la mwisho. Abonyeze kwa nini, wakati hakuna kinachofuata?

"Lakini programu yangu nayo ilitoa ishirini na tatu," nikasema. "Zililingana."

"Walilingana kwa sababu wote wawili iko na ugonjwa mumoja. Programu yako inalipokea jina la mwisho, inalishika mkononi kabisa. Lakini haikuona alama, inajiambia faili limekwisha, inasimama kabla ya kulitumia."

Inalishika mkononi kabisa. Akaendelea kuniambia kwamba amri ile ndogo ina mamia ya mistari ndani yake, kwamba wakubwa wa kazi hii wamebishana miaka na miaka mstari ni nini, neno ni nini, herufi moja inahesabiwaje. "Na wewe unaitumia kama kijiko," akasema, bado anacheka. Nilimkatia simu. Nilikuwa nimejisifu miaka sita kwa kitu nisichokijua, kwa sababu tu kilikuwa kifupi.

Halafu nikafanya jambo ambalo ningetamani nisingelifanya. Nikafungua orodha zote za zamani za Lusangi zilizopita kwangu, zile zilizochapwa na Rachelle. Vyandarua vya mbu, mara tatu. Mbegu, mara mbili. Sabuni na ndoo wakati wa kipindupindu. Katika kila moja, wa mwisho chini kabisa, Lukumani, jina lake na la mke wake kwa mstari mmoja. Na katika kila moja, hesabu yangu imepungua mmoja. Nilikuwa nimemfuta yule mtu miaka sita, kwa adabu yake mwenyewe.

Nilipanda pikipiki mpaka Lusangi. Nilimkuta ameketi mlangoni, hivyo hivyo alivyoogopa. Jicho la kulia lilikuwa limevimba na kumuuma majuma mawili, kisha maumivu yakaisha na mwanga nao ukaisha. Muuguzi wa kituo alishaniambia njiani: lile limekufa, hata madaktari wakirudi kesho halirudi. La kushoto bado linatofautisha mchana na usiku. Yangepasuliwa yote mawili siku zile, ingekuwa habari nyingine.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni yule wa Kasongo," akajibu Mama Léontine kabla yangu. "Umekuja kutuandika, ama umebakiza kitu cha kufuta?"

Nikaeleza yote. Nilijaribu kueleza alama isiyoonekana, nikajikwaa, nikaanza upya. Lukumani alisikiliza hadi mwisho.

"Rudia kidogo," akasema. "Mashine yako inaacha mutu wa mwisho?"

"Iliacha, Papa. Nimeitengeneza."

"Na lisiti ya vyandarua pia?"

"Na ya vyandarua. Mara zote tatu."

Mama Léontine akasimama, akakaa, akasimama tena. "Vyandarua!" akapiga mikono. "Lukumani, vyandarua! Miaka yote nilikutukana. Nilisema unapelekea mwanamuke kule ng'ambo ya muto. Nilikunyima chakula kwa ajili ya chandarua!" Akaingia ndani, tukamsikia analia, kilio cha hasira si cha huzuni. Lukumani akatabasamu kidogo upande wa ukuta.

"Alininyima siku mbili," akaniambia. "Miye nilifikiri vyandarua vimepunguka njiani tu. Muhogo nilikula kwa jirani."

Nikapiga magoti. Nilimwambia kuna maneno kwamba madaktari watarudi, tarehe haijulikani, na kwamba nimekuja na karatasi ya orodha mpya. Reko mpya alishanipa majina tisa. Nikasema jina lake nitaliandika la kwanza, juu kabisa, kwa mkono wangu, na nitasimama mbele ya kijiji niseme ni mimi niliyekosea.

"Hapana," akasema.

"Papa, la kushoto bado linaweza kupona."

"Uliniita mudandiaji, watu wakasikia. Leo unipandishe juu ya lisiti? Watasema kumbe ilikuwa kweli, kumbe amepata mutu ofisini." Akanigeuzia uso. "Wa mwisho pale ni nani?"

"Salomon, fundi cherehani."

"Salomon iko na watoto watano, na cherehani inataka macho. Niweke chini yake. Mashine yako ikisikia njaa tena, ikule miye."

"Haili tena, Papa. Naapa."

"Siku ile pia uliapa."

Akanyoosha mkono akitaka kalamu. Nikampa, nikaweka karatasi kwenye kimeza mbele yake, nikataka kumwongoza kidole, akanisukuma. Jina lake ataliandika mwenyewe, kama siku zote. Akapapasa mpaka akadhani amepata mahali chini ya Salomon, akainama, pua karibu iguse, akaandika taratibu kwa herufi kubwa, ulimi umetoka kidogo kama mwanafunzi. Mama Léontine alikuwa amerudi mlangoni na macho mekundu. Aliona nilichokiona. Hakusema kitu, na mimi sikusema.

Akanirudishia karatasi. "Hesabu mbele yangu," akasema. "Kwa kidole."

Nikahesabu kwa sauti, kidole juu ya kila jina.

"Iko ngapi?"

"Kumi, Papa."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwenye karatasi jina lake lilikuwa limeishia LUKU. Herufi nyingine aliziandika juu ya meza.